Mashine Isomayo Insha: Uhakiki wa Kufundisha Kuandika Kiingereza kwa Njia ya Mtandao

I

Miongoni mwa kazi zote za mwalimu wa lugha ya kigeni hakuna iliyo nzito kuliko kusahihisha insha. Kusoma, kusikiliza na hata kuzungumza vyaweza kufundishwa darasa zima kwa pamoja. Lakini insha ya mwanafunzi mmoja ni yake peke yake, na sharti isomwe peke yake. Na tuchukue darasa la wanafunzi 60. Mwalimu akitumia dakika 5 tu kwa kila insha, atatumia dakika 300, yaani saa 5 kamili, kwa zoezi moja la darasa moja. Akiwa na madarasa manne ya namna hiyo, zoezi hilo moja lamtaka saa 20. Haishangazi basi kwamba katika shule nyingi insha huandikwa mara chache, na nyingi katika hizo humrudia mwandishi wake zikiwa na alama ya vema pembezoni na maksi chini, bila neno jingine lolote.

Kwa sababu hiyo habari za vyombo vya mtandao vya kufundishia kuandika zimepokewa na wengi kwa furaha. Tumeambiwa kwamba mwanafunzi ataandika, mashine itasoma, na kabla hajaweka kalamu chini atakuwa amekwisha onyeshwa makosa yake na kiwango chake. Mashine haichoki, haina madarasa manne, wala haidai mshahara. Makala haya yanakusudia kuipima ahadi hiyo. Hatukusudii kuikataa, maana mwenye kuzijua zile saa 20 hawezi kuucheka msaada wowote. Twataka kuuliza jambo moja tu ambalo, kwa maoni yetu, halijaulizwa vya kutosha: mashine inapoisoma insha ya mwanafunzi wa Kitanzania, yasoma nini hasa, na nini huipita bila kukiona?

II

Swali hili halina maana likiulizwa hewani. Sharti liwekwe mahali. Tumeichagua Kasansa, kata iliyomo katika Halmashauri ya Mpimbwe, Wilaya ya Mlele, Mkoa wa Katavi. Mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Rukwa, na makao yake makuu yako Mpanda. Kasansa iko kusini ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, katika nchi ya bonde inayoelekea Ziwa Rukwa. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo ni Wapimbwe, ambao lugha yao Malcolm Guthrie aliiweka katika fungu la M.11, karibu na Kifipa kilicho M.13. Kwa miaka mingi Wasukuma nao wamehamia huko pamoja na ng'ombe wao, wakalima na kukaa.

Mtoto azaliwaye huko aghalabu huanza na Kipimbwe, Kisukuma au Kifipa nyumbani. Kiswahili hukipata michezoni, sokoni na katika shule ya msingi. Kiingereza basi kwake si lugha ya pili, kama vitabu vya ng'ambo vipendavyo kusema, bali ni ya tatu, na pengine ya nne. Hakisikii njiani, hakinunulii chumvi, wala hakimgombezi mtu. Lakini afikapo Kidato cha Kwanza, Biolojia, Jiografia na Hisabati humjia kwa lugha hiyo, na miaka minne baadaye mtihani wa taifa humtaka aeleze kwa maandishi ya Kiingereza yote aliyojifunza. Kwake yeye kuandika Kiingereza si somo moja katika mengi. Ni mlango wa karibu masomo yote, na asipoupita hapati kuonyesha alichokijua hata katika Biolojia.

Wasomaji wa jarida hili wanaijua historia ya jambo hili. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu, ile iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na baadaye chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza katika shule zetu, wakaona kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawana Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Lakini hadi sasa sekondari za serikali zafundisha kwa Kiingereza. Haya si makala ya kuujadili tena mgogoro huo. Twautaja kwa sababu vyombo vya mtandao vinaingia katika shule ambayo tatizo lake lilijulikana kabla havijabuniwa, nao hawauoni mgogoro huo wala hawakuundwa kwa ajili yake wale waliovibuni.

III

Ili tuvielewe vyombo hivi yafaa tujue vimetoka wapi. Mwaka 1966 Ellis Page, mtaalamu wa saikolojia ya elimu huko Marekani, alitoa hoja kwamba kompyuta yaweza kusahihisha insha. Hoja yake ilikuwa ya kijasiri, maana kompyuta za wakati ule zilijaza chumba na kulishwa kwa kadi zilizotobolewa. Njia yake ilikuwa hii: alichukua insha ambazo watahini walikuwa wamekwisha zipa maksi, akatafuta vitu ambavyo mashine yaweza kuvihesabu, kama urefu wa insha, idadi ya alama za mkato na wingi wa maneno yasiyo ya kawaida. Kisha akatazama ni vitu gani kati ya hivyo vinavyoambatana na maksi za juu. Mashine haikuelewa neno hata moja. Ilikadiria tu maksi ambayo mtahini angetoa. Na ilikadiria vizuri.

Mwaka uliofuata, 1967, Pit Corder, aliyekuwa akifundisha Edinburgh, alichapisha makala yake mashuhuri juu ya maana ya makosa ya mwanafunzi wa lugha. Yeye alishika njia nyingine kabisa. Alisema kwamba kosa si takataka ya kufagiwa; ni ushahidi. Laonyesha kwamba mwanafunzi anao mfumo wake wa kanuni, uliokamilika kwa namna yake, ambao si wa lugha ya mama wala si wa lugha anayojifunza. Mwalimu alisomaye kosa vizuri hujua mwanafunzi amefika wapi na hatua yake ijayo ni ipi. Miaka kumi kabla yake, yaani 1957, Robert Lado alikuwa amekwisha himiza kwamba lugha mbili zilinganishwe kwanza ndipo mwalimu ajue pagumu pako wapi. Corder hakukubaliana na Lado katika kila jambo, lakini wote wawili walikubali kwamba hakuna kumfundisha mtu lugha bila kuitazama lugha aliyokuja nayo.

Kwa hiyo tangu wakati ule kulikuwa na njia mbili. Njia ya Page yauliza: insha hii yastahili maksi ngapi? Njia ya Corder yauliza: aliyeandika hivi alikuwa akifikiri nini? Dai letu katika makala haya ni kwamba vyombo vingi vya mtandao vinavyoletwa mashuleni leo ni wajukuu wa Page. Vimekuwa na nguvu isiyolinganishwa na mashine ya babu yao, lakini swali lao ni lile lile.

Tutaje mifano. Grammarly, iliyoanza mwaka 2009, huonyesha makosa ya sarufi na tahajia na kupendekeza sahihisho. Chuo Kikuu cha Cambridge nacho kimetoa chombo cha bure kiitwacho Write & Improve, ambacho mwanafunzi hukiandikia insha fupi na kupewa kiwango chake kwa vipimo vya Ulaya, kuanzia A1 hadi C2. Chombo hiki cha pili ni bora kuliko vingi, kwa kuwa kilifunzwa kwa insha za wanafunzi wa kweli waliofanya mitihani ya Cambridge, si kwa maandishi ya Waingereza wenyewe. Lakini mtoto wa Kasansa hafanyi mitihani ile. Wanafunzi ambao makosa yao yaliifunza mashine ni wengine, wenye lugha zao nyingine na shule zao nyingine.

Udhaifu wa njia ya Page ulionyeshwa waziwazi mwaka 2014 na Les Perelman, aliyekuwa mkuu wa ufundishaji wa kuandika katika chuo cha MIT. Yeye pamoja na wanafunzi wake walitengeneza programu ya kutunga insha za upuuzi mtupu: mtu huipa maneno matatu tu, nayo hutoa kurasa zenye sentensi ndefu, maneno makubwa na maana isiyokuwepo. Mashine za kusahihisha zilizipa insha hizo maksi za juu. Watu walicheka. Kwetu lakini jambo lililo zito zaidi ni kinyume chake: ikiwa mashine yaweza kuusifu upuuzi uliovaa sarufi nzuri, basi yaweza pia kulipita kosa kubwa la maana, mradi nalo limevaa sarufi nzuri.

IV

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha hoja yetu. Makosa ya mwandishi wa Kiingereza aliyelelewa kwa Kiswahili tutayagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni makosa ambayo mashine huyaona na kuyasahihisha ipasavyo. Kiswahili hakina vibainishi vinavyolingana na "a" na "the", basi mwanafunzi huviacha. Kitenzi cha Kiswahili huonyesha nafsi mwanzoni, si mwishoni, basi ile "s" ya nafsi ya tatu umoja husahauliwa. Makosa haya ni mengi, yachosha, na yala muda wa mwalimu. Mashine ikiyaondoa, na tuishukuru.

Fungu la pili ni makosa ambayo mashine huyaona lakini haiyaelezi. Mwanafunzi aandika: "My mother she is a farmer." Au huandika juu ya mama yake na katika sentensi ya pili akamwita "he". Chombo chaweza kulifuta neno lililozidi au kulibadili lililokosewa. Lakini mwanafunzi hakukosea kwa kusahau. Katika la kwanza amefuata mtindo wa Kiswahili wa kumtaja mtu kisha kumrudia, kama tusemavyo "mama yangu yeye ni mkulima". Katika la pili amefuata lugha ambayo "yeye" ni yeye, awe mume au mke. Wala Kipimbwe na Kisukuma hazimsaidii, kwani nazo ni lugha za Kibantu zisizotenga jinsia katika kiwakilishi. Kufutiwa kosa lake mara moja, au mara kumi, hakumwambii kwamba Kiingereza kimefanya lazima jambo ambalo lugha zake zote hazikulifanya lazima. Mwalimu ajuaye Kiswahili aweza kumwambia hivyo kwa maneno machache tu.

Fungu la tatu ndilo la hatari, nalo ni la makosa ambayo mashine isomayo sarufi haina sababu yoyote ya kuyasimamisha. Sentensi za namna hii kila mwalimu wa Kiingereza nchini hakosi kuzikuta.

Wa kwanza ni mfano wa saa. Mwanafunzi aandika: "We start school at two o'clock in the morning." Sarufi ni safi, tahajia ni safi. Lakini alikusudia saa mbili asubuhi, na Mwingereza amsomaye ataelewa saa nane za usiku. Sentensi imekosea kwa saa sita nzima, na hakuna mstari mwekundu hata mmoja chini yake.

Wa pili ni mfano wa hali ya kitenzi, ambao kwa mwanaisimu ndio wenye mafunzo mengi zaidi. Katika Kiswahili kiambishi -me- pamoja na vitenzi vya namna fulani huonyesha hali iliyopo sasa: amelala, amesimama, amevaa, amechoka. Vitabu vya shule vimezoea kukifasiri kiambishi hiki kwa njeo timilifu ya Kiingereza. Mwanafunzi mtiifu basi huandika "The baby has slept" akimaanisha kwamba mtoto yungali usingizini, na "My father has worn a white shirt" akimaanisha kwamba baba yake, wakati ule wa habari, alikuwa ndani ya shati hilo. Kila sentensi katika hizo yaweza kuwa Kiingereza sahihi mahali pengine. Kosa si katika umbo, bali katika umbali uliopo kati ya umbo na kilichokusudiwa. Na kilichokusudiwa mashine haikijui. Tena kosa hili halikuletwa na uvivu. Limeletwa na kanuni aliyofundishwa mwanafunzi mwenyewe akaishika sawasawa.

Wa tatu ni mfano wa jamaa na mwili. "My small father lives in Mpanda," aandika mtoto juu ya baba yake mdogo, na msomaji wa kigeni huona mzee mfupi. "He broke his hand," aandika mwingine, kwa kuwa mkono wetu hushika toka begani mpaka vidoleni, na Kiingereza hukata sehemu hiyo mara mbili. Wa nne ni mfano wa kujibu. Kwetu mtu akiulizwa "Hukumwona mwalimu?" hujibu "Ndiyo" akimaanisha kwamba ndivyo, hakumwona. Akiandika mazungumzo hayo kwa Kiingereza na kutia "Yes" peke yake, amesema kinyume cha alichokusudia. Katika insha ya kusimulia, hadithi nzima yaweza kupinduka kwa neno hilo moja.

Mifano hii michache yatosha kuonyesha jambo lenyewe. Makosa ya fungu la kwanza ndiyo yaonekanayo zaidi na yadhuruyo kidogo: msomaji huelewa hata kama "the" imeachwa. Makosa ya fungu la tatu hayaonekani na yadhuru sana. Chombo kinachohesabu lile la kwanza na kulipita lile la tatu humfundisha mwanafunzi, bila kusema, kwamba kuandika vizuri ni kutopigiwa mstari. Naye mwenye akili hujifunza haraka jinsi ya kuepa mstari: ataandika sentensi fupi, za namna moja, zisizothubutu lolote. Kiwango chake kitapanda, na uwezo wake wa kueleza jambo utabaki pale pale.

Tuongeze dogo lisilo dogo. Kisahihisha tahajia kisichokuwa na majina yetu hupiga mstari mwekundu chini ya kila neno kisilolijua. Mwanafunzi akiandika habari za kwao, jina la kijiji chake, la mto wake na hata lake mwenyewe huonekana kuwa makosa. Mtu mzima hucheka na kuendelea. Mtoto ambaye bado hana hakika na lugha hiyo aweza kuona kwamba njia iliyo salama ni kuandika habari za London ambako hajafika.

V

Yamkini msomaji atasema kwamba hoja hizi zimepitwa na wakati tangu Novemba 2022, ilipotolewa ChatGPT, na baada yake mashine nyingine za akili unde zinazoelewa Kiswahili na Kiingereza pia. Pingamizi hili ni la haki, na sharti lijibiwe bila ubishi wa bure.

Twakiri kwamba mashine hizi si wajukuu wa Page kwa ukamilifu. Ukiiuliza mojawapo tofauti ya saa za Kiswahili na za Kiingereza yaweza kukueleza vizuri. Lakini tazama: ni nani aulizaye? Aulizaye ni yule ajuaye kwamba pana tofauti. Mwanafunzi ambaye kwake "two o'clock" ni saa mbili hana shaka yoyote, na asiye na shaka haulizi. Kazi ya mwalimu hapa si kujibu swali. Ni kuliona swali ambalo mwanafunzi hakujua kwamba lipo.

Pana na jambo jingine. Mashine hizi haziishii kusahihisha, huandika. Mwanafunzi aweza kutia mambo matatu kwa Kiswahili akatolewa insha nzima ya Kiingereza isiyo na ila. Hapo ile kazi ya kutafuta neno, kulikosa, kulizunguka na hatimaye kulipata imefanywa na mwingine, nayo ndiyo kazi ambayo kwayo lugha hukaa kichwani. Na chumba cha mtihani wa Kidato cha Nne kina meza, kalamu na karatasi. Aliyebebwa mwaka mzima atashushwa mlangoni siku ile ile anapotakiwa kwenda kwa miguu. Hasara hiyo haitawapata sawasawa wote. Mtoto wa mjini mwenye mzazi azungumzaye Kiingereza atakuwa na pengine pa kukipata. Wa Kasansa hana pengine ila darasani.

VI

Baada ya kukosoa, yatupasa kuonyesha njia. Kwanza tuseme kwamba hatukosi ushahidi wa mashine kusaidia vijijini mwetu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribiwa katika vijiji vipatavyo 170 vya Mkoa wa Tanga. Watoto ambao wengi wao hawakuwa shuleni walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwezi wa Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion. Wengi wameitaja habari hiyo kuwa ushindi wa teknolojia. Sisi twaomba watazame mambo mawili ambayo husahauliwa. La kwanza, programu zile zilikuwa za Kiswahili: zilianza pale mtoto alipokuwa amesimama. La pili, vishikwambi vile havikuhitaji mtandao ili mtoto ajifunze. Palihitajika umeme wa jua wa kuvichajia. Waliofanikiwa ni wale waliomtazama kwanza mtoto na kijiji chake, ndipo wakaitengeneza mashine.

Ushauri wetu kwa shule kama za Kasansa ni wa mambo manne.

La kwanza, tuikubali simu ya mwalimu kuwa ndiyo kompyuta ya shule. Katika shule nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu, na hakuna dalili ya kila mmoja kupata kishikwambi kesho. Mipango inayomdhania kila mtoto na kioo chake haina mtu wa kuitumia. Lakini mwalimu mwenye simu moja aweza kuchukua insha tano katika sitini, zile zinazowakilisha nyingine, akazipitisha katika chombo cha kusahihishia ili kile fungu la kwanza kisimmalize nguvu, na muda alioupata akautumia kulifundisha darasa zima fungu la tatu kutoka katika insha hizo hizo, pasipo kuwataja wenyewe.

La pili, mwanafunzi apewe msomaji wa kweli. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini, una tovuti ambayo mtu yeyote aweza kusoma hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, kuzifasiri, kuzibadili na kuandika zake, kisha kuzipakua zikasomwe bila mtandao. Kwa maoni yetu hiki ni chombo bora cha kufundishia kuandika kuliko visahihishi vyote tulivyovitaja, ingawa hakisahihishi kosa hata moja. Darasa laweza kuitunga hadithi moja kwa Kiswahili, au Kipimbwe, likaifasiri kwa Kiingereza kwa pamoja, likibishana juu ya kila neno. Katika kufasiri ndipo mambo yote ya fungu la tatu hujitokeza yenyewe: saa mbili itakuwaje? Baba mdogo ataitwaje? Amelala tutasemaje? Na hadithi ikisha wekwa, kuna mtoto mahali fulani atakayeisoma. Mwandishi ajuaye kwamba atasomwa hujisahihisha kuliko ajuaye kwamba atapewa maksi.

La tatu, Kiswahili kisifukuzwe katika somo la kuandika Kiingereza. Hatusemi insha iandikwe kwa Kiswahili. Twasema ifikiriwe kwa lugha ambayo mwanafunzi anaiweza. Mipango ya insha, mabishano juu ya hoja na maelezo ya kosa yafanywe kwa Kiswahili, na Kiingereza kije kikiwa lugha ya kuandikia jambo lililokwisha eleweka. Walimu wengi hufanya hivyo sasa kwa siri, wakiogopa mkaguzi. Lingefaa lifanywe waziwazi na kwa utaratibu.

La nne latuhusu sisi wa vyuo na taasisi za Kiswahili. Mashine za Cambridge zina hazina ya makosa ya wanafunzi wao. Josef Schmied na wenzake walikusanya maandishi na mazungumzo ya Kiingereza cha Kenya na Tanzania katika miaka ya 1990, lakini hayo kwa sehemu kubwa ni ya watu wazima waliosoma. Arvi Hurskainen wa Helsinki naye amekusanya hazina kubwa ya Kiswahili. Insha za wanafunzi wetu wa sekondari, ambazo ndizo zenye habari tuitakayo, huandikwa kila wiki na kutupwa kila mwisho wa mwaka. Lau zingekusanywa kutoka pwani na bara, majina yakifutwa na lugha ya nyumbani ya kila mwandishi ikiandikwa, tungepata kujua ni makosa gani yatokayo katika Kiswahili, ni yapi yatokayo katika Kipimbwe au Kisukuma, na ni yapi ambayo kila mwanafunzi wa Kiingereza duniani huyafanya. Hapo ndipo tungeweza kuwaambia watengenezaji wa mashine kitu cha kuzifunza, badala ya kungoja kuambiwa na mashine zao wanafunzi wetu wana kiwango gani.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi kwa kuanzia. Yahitaji walimu wachache walio tayari kutozitupa insha mwezi wa Novemba, na mwanaisimu aliye tayari kuzisoma kwa swali la Corder. Jarida hili lina wasomaji wa namna zote mbili.